Nyota Mbili za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Simu za kazi zimefika! Kila fundi yake, na kasha la mpira mnene. Wametuambia hata ikitumbukia majini inatoka inawaka. Nimeshahakikisha – bila kukusudia – kwenye tangi la choo la mteja wa kwanza. Inawaka.

Leo nimemaliza kazi sita. Zamani ningemaliza tatu na mgongo umekufa. Asubuhi nzima ofisini kungoja karatasi, halafu safari, halafu unakuta mpira wa koki ulioubeba si saizi, unarudi stoo, ukifika tena mteja amekunja uso. Leo nilikuwa chini ya sinki la watu, nikapiga picha valvu iliyokwisha, nikaituma. Mtu wa stoo akajibu anayo. Spana alikuwa mtaa wa jirani, akaipitia na kuniletea. Sikutoka hata chini ya sinki.

Spana ni mwenzangu wa zamu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hajawahi kumiliki spana yake mwenyewe, huazima. Yeye amenuna: eti ramani inamwonyesha bosi kila tuliposimama, hata ukinywa chai. Nikamwambia anywe haraka.

Na kubwa kuliko yote: bosi anatafuta kiongozi wa zamu. Mteja akishahudumiwa anatoa nyota kwenye simu yake, moja hadi tano. Mwisho wa mwezi, mwenye wastani wa nne na nusu kwenda juu ndiye atakayeitwa kwenye usaili. Naitaka nafasi hii. Naitaka mpaka naona haya kuiandika. Kila fundi mgeni huletwa kwangu nimfundishe, halafu cheo anapewa mwingine. Safari hii sikubali.

Alhamisi, 6 Machi

Nyota tano, tano, nne, tano. Aliyenipa nne alieleza sababu: alitegemea fundi mwanamume, akashtuka. Sawa, mshtuko umemgharimu nyota moja.

Kazi ya mwisho ikaingia jioni. Nikasoma anwani mara mbili. Nyumbani kwa mama! Koki ya jikoni inavuja, imeandikwa vizuri kabisa. Kumbe binti wa jirani yake ndiye aliyemwingizia kwenye simu mfumo wetu wa kuagiza fundi na kumfundisha.

Nilicheka njia nzima. Anakaa upande wa pili wa mji, na nilipofika alikuwa mlangoni, kitambaa kipya kichwani, akaniita "fundi" kwa heshima zote. Koki ilikuwa inavuja kweli. Nikabadilisha mpira, nikafuta sinki. Akasema nikae, ameshaweka maji ya chai. Simu ikalia, Spana amekwama na bomba, anaomba msaada. Nikambusu mama shavuni, huyo nikaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Nyota mbili! Mama yangu mzazi! Na maelezo: "Kazi safi. Hakukaa hata kunywa maji."

Spana mbavu hana. Kawasomea mafundi wote kwa sauti ya mtangazaji wa habari.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa nimesahau ule utaratibu: mteja akitoa nyota chini ya tatu, mfumo unamrudisha fundi yule yule ndani ya siku tatu, bure. Basi nimerudishwa kwa mama.

Koki kavu kabisa. Chini yake ameweka sufuria, nayo kavu. Nikamwuliza sufuria ya nini. Akasema ya tahadhari. Nikakaa kidogo, nikanywa nusu kikombe nikiwa nimesimama – basi, sikukaa – nikamweleza habari za usaili na wastani. Akatikisa kichwa kama anaelewa. Akaniuliza kama kweli mfumo ukimrudisha fundi mteja hatoi hata senti. Nikamwambia hatoi. Akasema watu wa kampuni yetu wana utu.

Jumanne, 11 Machi

Mbili tena. "Kazi safi. Amekonda."

Wateja wengi hawatoi nyota kabisa, kwa hiyo mbili za mama zinavuta: wastani umeshuka, nne na robo. Sikucheka leo. Nikampigia nikiwa ndani ya gari la kazi, nikamwambia mama, unaniharibia, hizo nyota ndizo cheo changu. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, taratibu tu, kwamba hii simu yangu ya kazi ni ya ajabu. Yeye akinipigia ile nyingine, sipokei, au napokea na kusema nitakupigia baadaye, mama. Akibonyeza hii, nafika na mkoba wa vifaa.

Nikawasha gari, nikaenda kwenye kazi iliyofuata.

Jioni nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nilikaa kwake nikala mpaka sahani ikaisha. Sikumbuki. Imeniuma. Lakini hasira haijaisha pia, vyote viwili vipo, vimekaa kiti kimoja.

Ijumaa, 14 Machi

Siku tamu! Lazima niiandike yote, hata mkono ukichoka.

Kiwanda cha mikate, bomba limepasuka, maji yanakimbilia kwenye majiko ya umeme. Mwenye kiwanda anakimbia huku na huku na kofia nyeupe mkononi. Hakuna anayejua valvu kuu iko wapi, aliyejenga alishafariki. Zamani tungechimba. Leo nikafungua kwenye simu michoro ya zamani ya mtaa ule, ambayo ofisi imeiingiza kwenye mfumo juzi tu. Ikanionyesha: chini ya sakafu, kona ya nyuma. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na magunia ya unga mpaka darini.

Nikaita waliokuwa karibu. Mafundi wanne wakafika mmoja mmoja, nukta zao nikiziona zikija kwenye ramani, nikafurahi kama mtoto anayeona wageni dirishani. Tukabeba magunia, sisi na wapika mikate. Spana akatoka mweupe nyusi na kope. Na kifuniko kikawa pale pale! Nikafunga valvu, maji yakakatika, watu wote wakapiga makofi.

Mwenye kiwanda katugawia mikate ya moto na nyota tano kwa kila mmoja. Spana, aliyekuwa analaani ramani, anaisifu kwa kila anayekutana naye, eti yeye ndiye aliyeitetea tangu siku ya kwanza. Macho makavu!

Mkate wangu nimempelekea mama. Nilikaa dakika chache tu, kulikuwa na kazi inaningoja. Kwa kupita tu, si kwa oda, kwa hiyo hakuwa na pa kunitolea nyota. Nilimwona ameikodolea macho simu yake, anatafuta.

Jumatatu, 17 Machi

Haya sasa. Alhamisi mfumo ulikuwa umenirudisha tena kwa mama kwa zile mbili za pili, nikaitazama koki kavu, nikaondoka. Kesho yake, Ijumaa, mimi nikishusha magunia, mama alikuwa amefungua malalamiko ya tatu, nyota mbili tena. "Kazi safi. Koki yapiga kelele usiku." Mfumo ukiona mteja mmoja kamlalamikia fundi mmoja mara tatu, unamtuma mkaguzi. Bosi kaniita: mkaguzi ataenda kwa mteja Jumatano. Akiona malalamiko si ya kweli, yanafutwa na usaili ninaingia. Akiyathibitisha, nisahau cheo mwaka huu.

Nikamwambia bosi, mteja ni mama yangu. Bosi akasema mkaguzi hajali mteja ni mama wa nani, na hilo ni kweli. Hatujawahi kumwona akicheka. Akikagua choo hupiga magoti, akaweka sikio kwenye tangi, akafumba macho.

Sikumpigia mama kumpanga. Nilitaka, nikajizuia. Asijesema uongo kwa ajili yangu.

Jumatano, 19 Machi

Naandikia jikoni kwa mama. Daftari hukaa ndani ya mkoba wa vifaa, na sijui nifanye nini kingine na mikono.

Asubuhi, kazini, nikawa nachungulia ramani. Nukta ya mkaguzi imeingia nyumbani kwa mama. Nikabadilisha boya la tangi, nikachungulia: bado. Nikazibua sinki: bado. Ukaguzi wa koki moja! Halafu simu ikalia, oda mpya ya haraka, anwani ya mama. Nikaendesha nikijiambia kapasua bomba, au kampasua mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa sebuleni, hana viatu, sahani ya pili mbele yake. Koki keshaitegea sikio, haina kelele yoyote, mama kanieleza. Kisha mkaguzi akafuta mikono, akashika kompyuta yake ndogo, akamwuliza mama rasmi: hizi nyota mbili, kosa la fundi ni lipi?

"Kosa hana," mama akasema. "Anaondoka."

"Hilo halimo kwenye orodha ya makosa, mama."

"Basi liingizeni, baba. Si mna kompyuta?"

Mkaguzi akainamisha kichwa. Naapa mabega yalikuwa yanatikisika.

Akamweleza kwamba nyota anaweza kuzibadilisha sasa hivi, za mara zote tatu, akiwa hapo hapo, ndiyo njia fupi kuliko zote. Mama akavaa miwani. Akafungua simu, kidole kikasimama juu ya nyota ya tano. Akanitazama mimi, mbele ya mgeni.

"Nikiweka tano, unarudi lini?"

"Jumapili, mama."

"Ipi?"

Ndipo nikaja huku jikoni. Nikafungua simu ya kazi, pale tunapoandikisha kazi za kudumu, kama pampu za mahoteli zinazotazamwa kila wiki. Mteja: mama. Fundi: mimi. Siku: kila Jumapili. Mkaguzi ana mamlaka ya kuipitisha papo hapo, na ikishapita hakuna wa kunipangia kazi nyingine siku hiyo, hata bosi. Kila kitu kikakubali. Kimebaki kisanduku cha mwisho, eleza tatizo, na kikiwa kitupu oda haiendi. Nimeandika "hakuna". Kimekataa. Nimeandika "koki". Nimeifuta mwenyewe.

Mkaguzi anauliza kutoka sebuleni kama mtandao unasumbua. Namsikia mama akimwongezea chai, kidole sijui kiko wapi sasa. Anauliza, si mimi, anamwuliza mkaguzi, kwa sauti ya chini, kama nimeshaondoka.

"Nipo, mama," nimemjibu. Kisanduku bado kitupu.