Sikukichoma

Mjukuu wangu Wairimu,

Huku Turbo tuko wazima, babu yako anakohoa kidogo tu. Unauliza kama uchome riwaya zako kwa sababu kikundi chenu cha maombi kinasema ni za shetani.

Nilipookoka nikiwa msichana, mhubiri aliwasha moto nje ya kanisa tutupe vitu vya dunia. Shanga nilitupa. Riwaya yangu nilirudi nayo nyumbani, kifua mbele. Wakanitoa kwaya.

Wiki hiyo tukipukuchua mahindi na wanawake wa kanisa, mke wa mhubiri alisogea karibu, akaninong'oneza, "Dada, mimi niliishia katikati. Yule msichana wa kitabuni, aliolewa?"

Nikamsomea kwa sauti, wote wasikie.

Kiberiti ni cha kuwashia jiko, Wairimu.

Shosho wako