Waya wa Kuanikia Nguo

Kilwa Masoko,
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Mastura,

Shikamoo. Amani iwe juu yako na wote hapo nyumbani Kitomanga. Magoti ya Mama yanasemaje? Watoto wanakwenda chuoni au wanakimbilia mpira? Na mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila kubeba zege kumenichosha na vidole havifungi vizuri. Nivumilie kwa mwandiko. Shule yenyewe unajua niliiacha njiani.

Najua simu yangu ya juzi imekuudhi. Nilikufokea kama mlevi, nikitaka uzime swichi kubwa na mtu yeyote asiguse waya wa kuanikia nguo. Ukanijibu kwamba kama nimepata wazimu nirudi nisomewe, na Mama nikamsikia anacheka. Nashukuru hata hivyo ulizima. Mengine sikuweza kuyasema, kwa kuwa simu yako huiweki sikioni, unaiachia spika ua mzima usikie. Haya uyasome peke yako.

Tunakarabati nyumba kongwe ya Mzee Bakary. Ukutani zilining'inia nyaya za zamani, za enzi ya jenereta ya baba yake. Mwenzangu Dismas, ninayelala naye chumba kimoja, aliuliza kama zina moto. Mzee Bakary akasema hizo ni nyaya za marehemu, na marehemu hang'ati. Tukacheka sote. Dismas akashika ncha avute.

Dada, hakupiga kelele. Aliganda pale, anatetemeka, macho yanatutazama. Nilitaka kumkumbatia nimvute, nikakumbuka kwamba tungekwenda wote. Nikaokota mbao kavu nikampiga mkono mpaka akaachia. Yuko hai. Anawatangazia watu kwamba mbao yangu ilimuuma kuliko umeme.

Akaitwa fundi umeme, mama mmoja anaitwa Angela, mkali kama pilipili. Alimwambia Mzee Bakary kwamba waya hauwi mfu kwa kusemwa, mpaka upimwe. Akazima swichi kubwa, na bado akapima kila ncha kabla ya kuigusa. Huko juu ya dari alikuta waya wa zamani umesokotwa na mpya, umefungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Fundi aliyeleta umeme hakuutoa wa zamani, akaunganisha juu yake. Mama Angela akautenganisha pale unapoanzia, akang'oa uliong'oka, na uliobaki ndani ya ukuta akaziba ncha zake kwenye kiboksi na kuandika kwamba hautumiki.

Wenzangu wote walikuwa wanamwangalia yeye. Mimi nilikuwa naangalia kiganja cha Dismas. Kina mstari mweusi, umepita katikati, kama cha mtu aliyeshika kaa la moto.

Mstari huo niliwahi kuuona, dada. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha Baba alipofariki.

Unakumbuka yule mganga alisema Baba alishikishwa kitu cha uchawi, na kwamba alama ile ndiyo ushahidi. Na kwa sababu Shangazi Mwanahija alikuwa amegombana na Baba juu ya mikorosho ya babu, hakutafutwa mwingine. Tulimfukuza matangani. Leo anaishi Mtama, kwa watu, kama hana ndugu.

Sasa fikiri nami. Waya ule wa uani ulikuwa unapeleka taa kwenye kibanda cha duka, wakati nasi tulipotumia jenereta. Kibanda kikaanguka, tukachukua ncha tukaifunga kwenye mkorosho. Umeme ulipoletwa, fundi alisifiwa kwa kutumia nyaya zilezile. Hakuna aliyeuliza ule wa uani umeanzia wapi. Ninyi mnaanika katikati, penye mpira mzima. Baba siku ile ya kifo chake aliufuata mkoroshoni, mvua imenyesha, yuko peku, akaenda kuukaza penye ncha iliyo uchi.

Sikulala nilipolijua hilo. Kisha nikakumbuka lingine, na ndilo lililonifanya niandike. Mama ndiye aliyemtuma. Alilalamika kwamba khanga zake zinaburuta tope, akamwambia atoke akaukaze. Alitusimulia mwenyewe msibani, huku akilia, kwamba hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Na Mama ndiye aliyemlaani Shangazi kuliko sisi wote.

Dada, swichi usiiwashe, hata watoto wakililia televisheni. Usiukate waya kwa panga wala usimwachie shemeji ajaribu. Mwite fundi mwenye kipimo aufuate mpaka ndani ya dari, autoe unapoanzia, ndipo auondoe uani. Nguo anika juu ya wigo.

Kuhusu Mama sina akili ya kukupa. Nimefikiri tunyamaze, azeeke kwa amani. Lakini amani hiyo anailipia Shangazi, na yeye pia anazeeka. Nimeomba ruhusa. Ningojee, tumwambie pamoja, mmoja wetu akiwa amemshika mkono.

Wasalimie watoto, msalimie shemeji, na Mama mwambie magoti yake nayaombea dua. Shangazi usimpelekee shikamoo yangu. Nilimnyima kwa mdomo wangu, njiani mbele za watu, na kwa mdomo huuhuu nitampelekea.

Ni mimi mdogo wako,
Shamte