Magego Mawili Yameng'olewa, Taya Bado Linalia

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla hasira haijanifukuzisha chuoni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa meno, na mwezi uliopita mama yangu mzazi aling'olewa magego mawili ya kulia katika kliniki yetu, kwa amri ya mhadhiri wangu mwenyewe, eti ndiyo yaliyomuuma shavu, na maumivu hayakuondoka bali yalipanda hadi sikioni, ndipo nikamvalisha kifaa cha kupimia mitetemo ya taya, kinachokaa kichwani kama hedifoni, kihisi kimoja mbele ya kila sikio, akafungua na kufunga kinywa kwa kufuata mdundo, na upande wa kushoto ukachora mstari uliotulia tuli huku wa kulia ukirusha mawimbi kila alipofungua, dalili kwamba kinachouma ni kiungo cha taya, si magego, mama akauliza, "Mwanangu, inasemaje?" nami mbio na karatasi ya michoro hiyo hadi kwa mhadhiri, naye akacheka mbele ya wenzangu: "Binti, mashine hiyo inapenda kelele kama wewe. Alhamisi tunang'oa la tatu."

Je, kinywa cha mgonjwa ni mali ya mwenye cheo? Je, ninyamaze ili nihitimu, na nikihitimu, nitakuwa nimehitimu nini, unyamavu? Nimeandika waraka wa kurasa sita wa kubandika kwenye kila mlango wa kitivo, ila yeye ndiye atakayesahihisha mtihani wangu. Nibandike?

Mwenye Hasira ya Haki

Mwenye Hasira,

Pole. Mhadhiri aliyekataa hata kuitazama karatasi amekosa, na dhihaka yake ni aibu. Lakini mama yako ameuliza swali moja tu katika barua yako yote, nawe hukumjibu! Kurasa sita za kitivo, na kwa mwenye taya hata sentensi moja? Yeye kakufungulia kinywa, wewe ukamkimbia, ukampuuza kama alivyopuuzwa na mhadhiri wako.

Na punguza majigambo: mitetemo peke yake haitoi hukumu. Kuna viungo vya taya vizima vinavyolia.

Leo hii keti naye, mweleze kila wimbi, na umwambie ana haki ya kukataa. Kesho mpeleke, yeye na karatasi yake, kwa bingwa wa taya wa hospitali nyingine, amshike kiungo cha taya na kumpiga picha ya eksirei. Waraka uchane. Andika ukurasa mmoja kwa mkuu wa kitivo, wenye tarehe, magego yaliyong'olewa na saini ya mama akiridhia barua hiyo, na uombe msahihishaji mwingine.

Mama akikataa kung'olewa la tatu, basi Alhamisi mhadhiri ashike koleo lake mbele ya kiti kitupu.