Babula Mupya na Kuku wa Lac Vert

Kavira, mujukuu wangu,

Huku Majengo tuko wazima, mama yako anakusalimia. Lakini mimi, tangu barua yako ifike, naketi, nasimama. Unauliza kama unaweza kuwasha babula yako mupya, jiko lile la udongo, chumbani, kwa kuwa Butembo ni baridi na makala hayatoi moshi.

Nikiwa na umri wako, tukikaa Lac Vert, kando ya ziwa, upepo ulinichosha kwa kuzima moto. Nikashusha babula yangu mupya ndani ya shimo, penye utulivu. Moto ukazimika. Nikawasha, ukazimika tena. Nikainama kupuliza, kichwa kizito, nikasikia mama mukwe wangu akilia huko juu: "Acha moto! Angalia kuku!"

Nikapanda juu mbio. Kuku aliyenifuata shimoni alikuwa amelala, na hakuamka. Ni mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini kwetu. Nayo haina moshi.

Makala pia yana hewa yao ya kuua, mulango ukifungwa. Washia nje, babula ikae sawa juu ya jiwe, na siku ya kwanza moto uwe mudogo, udongo usipasuke. Ukiisha kuitoa, nitumie neno moja tu: imetoka. Leo, Kavira. Chumbani mwako hakuna kuku.

Koko wako