Kiti cha Chifu

Chebet wangu, chamgei. Babu yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Mama yako anakusalimu, yuko shambani anachuma chai na mvua haijakoma. Kiprono ndugu yako anakusalimu pia, anasema ng'ombe amezaa. Mimi nyanya yako ni mzima, ni wewe tu ninayekuwaza.

Umeniuliza kama urudi nyumbani, kwa sababu unatengeneza viti vya kuvunjika mtu akikalia, vya vichekesho vya televisheni huko Uingereza, na hakuna anayekujua.

Nikiwa msichana wa kazi kwa meneja wa chai hapa Boito, dada yake alitoka huko kuja kumtembelea. Kazi yake ilikuwa hiyo yako. Akatutengenezea kiti cha mchezo wa kanisa, chifu wa mchezo akikalia aanguke. Alikikalia yeye kwanza. Akaanguka, akakata kidogo mguu wa kiti, akaanguka tena.

Nikamwambia, "Mama, mwachie Arap Koech aanguke, si ndiye anaigiza chifu?"

"Yeye ataanguka ndiyo watu wacheke," akasema. "Mimi naanguka ndiyo asiumie."

Jumapili watu walicheka mpaka pasta akamwaga chai. Yule mama, nyuma ya pazia, hakucheka. Alikuwa anaangalia mgongo wa Arap Koech. Alipomwona amesimama sawa, ndiyo akacheka, wengine wakiwa wameshanyamaza.

Hakuna aliyemtaja siku hiyo. Mimi namkumbuka mpaka leo. Kwa hivyo usirudi, Chebet. Kaa uifanye kazi yako.

Lakini hivyo viti ukivijaribu, chini wameweka godoro? Kama hawajaweka, waambie nyanya yako amekataa. Nijibu upesi, uniambie mgongo wako uko aje.