Mimi Sikuwa Kitunguu, Mama

Kwa mama mkwe wangu, Mama Lokiru,

Sitakuuliza hali. Huko uliko naamini hali yako ni njema, na yangu utaijua hapa chini. Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo miaka mitano, nikaifunika kwa heshima kama inavyompasa mke wa mwanao. Nilikupikia, nikakusuka nywele, nikakuosha miguu ulipougua, na kwenye mazishi yako nililia mpaka watu wa Burat wakasema yule Mmeru alimpenda mama mkwe wake kweli. Nilikupenda. Lakini leo nimelala kwenye kitanda cha hospitali hapa Isiolo mjini, mimba yangu imepita tarehe kwa siku tisa, nangoja daktari aje anianzishie uchungu. Nimemwomba muuguzi karatasi kwa sababu nikinyamaza tena nitapasuka.

Kabla sijakugombeza, nikupe haki yako. Nilipoolewa kwenu sikujua kulima kwa maji ya mfereji. Kwetu Meru mvua huja yenyewe, mtu anangoja tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzibua tope kwa kisigino, kuyaelekeza maji kwenye matuta bila kung'oa miche, na kuamka mapema siku ya zamu yetu. Hukunicheka hata siku ile nilipofurika shamba zima la jirani. Uliingia kwenye tope na sketi yako ya kanisani ukanisaidia kuziba, ukiniambia polepole, "Pole pole msichana yangu, hii maji haikimbii."

Na imani yako niliiona kwa macho. Unakumbuka watu wa mashamba ya juu walipoziba mto, zamu yetu ikapita mara mbili bila tone? Wanaume walitaka kwenda na marungu. Wewe ulikwenda na Biblia. Ulipiga magoti mbele ya lango la maji la mzee wa huko juu, ukaanza kuwaombea watoto wake mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti, tangu asubuhi mpaka jua likafika utosini. Akafungua. Baadaye alituambia kwamba hakumwogopa Mungu, alichoshwa na makelele. Tulicheka wiki nzima, na wewe ulitushinda sote kwa kucheka. Tangu siku hiyo niliamini kwamba ukiomba jambo, linakuwa.

Sasa unaona kwa nini hasira yangu ni kubwa. Asiyekuamini hawezi kukukasirikia hivi.

Nilipopata mimba ile ya kwanza ulifurahi kuliko mwanao Lokiru. Kaunti ilikuwa imeshatujengea jengo la wazazi pale kwenye zahanati, na siku ya kulifungua wewe ndiwe uliyeombwa kulibariki. Ulimshukuru Mungu kwa mabati, ukamshukuru kwa milango, ukavishukuru vitanda kimoja kimoja mpaka wageni wa heshima wakaanza kutazama saa. Nilisimama pembeni na tumbo langu dogo nikajivunia. Sikujua kwamba mtu anaweza kubariki kitanda cha zahanati kisha akamkataza mkaza mwana wake kwenda kulalia cha hospitali.

Tarehe ya kwenye kadi ilipopita kwa siku tano, Sista Halima, yule muuguzi wa zahanati, alinipima akaacha kutabasamu. Akaandika barua ya kunipeleka hospitali kubwa. "Dada, enda leo," aliniambia. "Usingoje kesho. Kondo ya mtoto ikikaa sana inachoka, chakula haifiki." Nilirudi nyumbani na barua mkononi, nikakukuta shambani umeinama kwenye vitunguu, ukitazama kama majani yameanza kulala kwenye shingo, dalili ya kukomaa.

Kosa letu lilianzia hapo. Kwako hakuna kitunguu kilichouzwa kabla ya malimbuko. Ndoo ya kwanza, ya vitunguu vilivyo bora kuliko vyote, ilikuwa lazima ifike madhabahuni kwanza. Na Jumapili iliyotangulia ulikuwa umesimama kanisani, bila kuniuliza, ukatangaza, "Msimu hii nitaletea Bwana malimbuko mbili. Ya shamba na ya tumbo." Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Vitunguu vilikuwa bado siku tisa hivi, na mtoto akawekwa kwenye ratiba ya vitunguu.

"Halima amesema niende leo," nilikwambia.

Hukuinuka. "Halima amelima kitunguu lini? Uking'oa kitunguu na shingo bado imesimama, itaoza kwa gunia. Hiyo unajua, mimi ndio nilikufundisha. Sasa mtoto ndio utatoa na nguvu? Akuj akimaliza kazi yake, mtoto atakuja mwenyewe." Akuj ndilo jina ulilomwitia Mungu kwa Kiturkana ulipotaka kumaliza mabishano, na kweli yaliishia hapo.

Mimi sikuwa kitunguu, Mama. Hicho ndicho nilichopaswa kukwambia siku ile. Kitunguu kikizidisha siku kumi udongoni kinakuwa kitamu. Mtoto anakula kwa kamba moja, na kamba hiyo ina siku zake. Halima alitueleza kwa Kiswahili chepesi ambacho hata kondoo angeelewa, lakini wewe ulikuwa umeshaahidi mbele ya kanisa, na kwako ahadi iliyotangazwa hairudi. Na Lokiru, mwanamume mzima mwenye ndevu, kila nilipomuuliza alikutazama wewe kwanza ndipo akanijibu. "Mama amesema tungoje," akasema. Ile barua niliiweka ndani ya Biblia. Usiniulize ni kitabu gani, niliiweka popote.

Mkaanza kufunga. Wanawake kumi na mmoja wa maombi walikuja sebuleni kwako kila siku, kuanzia asubuhi mpaka jua linapotua, bila chai. Mliimba vizuri. Mliniwekea mikono tumboni. Mimi nilikunywa uji peke yangu jikoni nikiona aibu kwa kila kijiko. Nilijihisi kama mimi ndiye ninayewatia watu njaa kwa ukaidi wa tumbo langu.

Sasa nifike pale panaponiuma. Ilikuwa Alhamisi mchana. Tangu jana yake asubuhi sikuwa nimemsikia mtoto. Nilijigeuza huku na huku, nikanywa maji baridi, kimya. Nikaja sebuleni kukwambia. Kabla sijafungua mdomo uliniuliza wewe, mbele yao wote, huku umeshika mkono wangu na uso wako umechoka kwa njaa, "Mtoto anacheza?"

Nikasema, "Anacheza."

"Bwana asifiwe," mkasema kwa pamoja.

Nimekuchukia kwa swali hilo kuliko kwa mambo mengine yote. Kwa nini hukunivuta kando? Kwa nini hukuniuliza jikoni, tukiwa wawili, kama ulivyoniuliza mambo ya siri ya mwanao? Ulinisimamisha mbele ya wanawake kumi na mmoja wenye njaa, waliokwisha kushukuru kabla ya kupokea. Ulitaka nijibu nini?

Lakini hasira hii ina mguu wa pili, na nimeuficha miaka yote. Nilikudanganya. Ulikuwa mkaidi, ndiyo, lakini hukuwa mwuaji. Kama ningesema "hachezi", nadhani ungeinuka. Nadhani ungevunja ahadi yako na madhabahu pia, ungenibeba mgongoni kama hakuna gari. Sina hakika. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba sina hakika, na wewe umekufa, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Uchungu ulikuja Ijumaa wenyewe, kama ulivyotabiri. Tulipofika hapa mjini daktari alitafuta moyo wa mtoto, akatafuta tena, akatoa vile vyuma masikioni. "Mngekuja juzi," alisema, basi. Nilimzaa msichana mzito, ana nywele nyingi, amekamilika kila kidole. Wewe ulisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wewe na Lokiru mlimchukua mkatangulia naye nyumbani, mkamzika nyuma ya banda la vitunguu, karibu na ua wa miiba. Nilirudi kesho yake nikakuta udongo umeshasawazishwa.

Na Jumamosi hiyo hiyo uling'oa vitunguu. Jumapili ukapeleka malimbuko. Mama, ulipeleka malimbuko. Ulipanga vitunguu kwenye ndoo, ukavifuta kwa kitambaa, ukavaa sketi yako, ukatoka na mwanao na majirani wote, ukaniacha kitandani na leso imefungwa kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa yameingia na hayakuwa na wa kuyanyonya. Nilisikia mkiimba njia nzima. Watu waliniambia ulisimama madhabahuni ukasema Mungu ana sababu zake. Labda anazo. Wewe je, zako zilikuwa zipi?

Niliisubiri "pole" yako miaka mitatu. Tulipanda misimu mingapi pamoja, tukapalilia tukiwa bega kwa bega, ukanitafutia hata kondoo wa kwangu mwenyewe kutoka kwa binamu yako wa Ngaremara, lakini neno hilo moja likakushinda. Na presha ilipokupanda, ulipanda pikipiki kwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Hukungoja shingo ilale. Mimi ndiye niliyekushika nyuma ya ile pikipiki usianguke, na njia nzima nilikuwa nauma meno.

Leo asubuhi walikuja tena, wanawake wako wa maombi. Wamebaki tisa. Mama Purity wa duka ndiye anayewaongoza siku hizi, na ni mtu mwema, nakwambia ukweli. Walikuwa wameshafunga siku tatu kwa ajili yangu. Alinishika mkono sebuleni, pale pale, akasema, "Mama Lokiru angekuwa hapa angesema tungojee Bwana. Mtoto anacheza?"

Nikasema, "Tangu jana anacheza kidogo sana. Na hata angekuwa anaruka, mimi naenda hospitali. Tuktuk iko hapo nje."

Hakuna aliyesema Bwana asifiwe. Nikawaambia na lile la miaka mitano iliyopita, kwamba siku ile mtoto hakuwa anacheza na nilidanganya kwa sababu niliwaogopa. Nilisema mbele yao wote, kama ulivyoniuliza mbele yao wote. Nilidhani paa litaanguka. Mama Purity alikaa chini. Akatazama mikono yake. Halafu akasema, "Sisi pia tuliogopa. Siku ile kila mtu hapa alikuwa anaona tumbo yako imetulia." Kisha akawageukia wenzake, "Wekeni chai. Hakuna mtu anafunga tena, mwacheni aende ameshiba."

Kila mtu aliona, Mama. Nimekuja na neno hilo njia nzima kwenye tuktuk, Lokiru ameshika begi kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Kama wao waliona, wewe uliyezaa watoto saba uliona nini? Ulijua ninadanganya? Uliponiuliza ulikuwa unataka kujua, au ulikuwa unaniomba nikuokoe na ahadi yako? Nakuuliza kwa hasira na sioni haya.

Usifikiri nimeacha kuomba. Nimeomba tangu Burat mpaka hapa. Nilipofika wamenipaka yale mafuta ya baridi, wakanifunga mkanda wa mashine tumboni, nikausikia moyo wake. Unaenda kasi, unakatakata kidogo, lakini unaenda. Nilisema "Akuj" kwa sauti, kwa lugha yako, na muuguzi akaniuliza kama nina maumivu. Nikamwambia nasali tu.

Lokiru anasema kama ni msichana tumpe jina lako, Akai, kama kwetu Meru tunavyofanya kwa mama wa baba. Nimekataa, na amenuna huko nje kwenye benchi. Anafikiri ni hasira. Hasira ipo, lakini sababu ni kwamba jina hilo lina mwenyewe. Jumapili ile ya malimbuko, mlipokuwa kanisani, niliamka nikaenda mpaka nyuma ya banda, nikakaa chini kwenye ule udongo mliousawazisha. Nilimwita kwa sauti. Nilikuwa nakuchukia, na bado nilipotafuta jina la kumpa mtoto wangu sikupata jingine nililolipenda kuliko lako. Sikumwambia mtu. Ulimzika mjukuu ukadhani hana jina, kumbe mnaitwa jina moja.

Kama mmeshaonana huko, mwite. Ataitika. Na ile pole niliyoingoja, mpe yeye.

Dripu ya kuanzisha uchungu imeletwa. Kwaheri, Mama.

Mke wa mwanao,
Mama Akai