Uzio wa Mwaloni

Jumatatu, 6 Februari 1995

Halmashauri ya kijiji imekaa asubuhi nzima kwa ajili ya Antoni. Mtoto wa hapahapa, sasa ni wakala wa kiwanda cha samaki mjini, ana pikapu. Anataka mwalo, ufuko wetu wa kupakulia samaki. Wote! Kituo cha kununulia sangara, barafu, uzio wa seng'enge kuzunguka. Wanaume wamepiga makofi hata hajamaliza.

Nikauliza: na akina mama wanaoanika dagaa pale mchangani, waende wapi? Mzee Shigela akasema wanawake hawakosi pa kwenda. Ananiambia mimi, mwenyekiti!

Nimesema mwalo si mali ya halmashauri, uamuzi ni wa mkutano mkuu, Jumamosi. Wamenuna. Tangu nichaguliwe mwezi wa kumi wananuna kwa zamu.

Jumanne, 7 Februari 1995

Suzana kaja na wenzake. Mjane wa Kikerewe, aliletwa na mume kutoka Nansio, mume akafa, yeye akabaki na dagaa. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kiti kakikataa. Kasema kura zao ndizo zilizoniweka nilipo, sasa wanaangalia. Nimemwahidi kwenda mwenyewe kwa meneja wa kiwanda.

Wakati wa kula Maige, mume wangu, kasema kitu kimoja tu: sangara bila barafu anaoza, na yeye kachoka kutupa samaki ziwani. Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma — ni kweli pia.

Jumatano, 8 Februari 1995

Nimevuka kwa kivuko cha Busisi alfajiri, nikafika kiwandani Kirumba, Mwanza mjini, jua limeshachoma. Wamenikalisha kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Meneja katoka, kasalimia vizuri, halafu katazama nyuma yangu, mlangoni. Mwenyekiti yuko wapi? Ndiye mimi, nikamwambia. Akacheka. Si kwa ubaya, labda.

Nikamwomba achukue upande wa mawe, mchanga uwaachie akina mama. Barafu tunaitaka, lakini si kwa kuwafukuza watu. Atafikiria, kasema. Halafu: "Mama, mbona na nyumbani kwako tulishamalizana?"

Sikuelewa. Nimeelewa niliporudi. Injini mpya kwenye mtumbwi wa Maige, inang'aa!

"Mkopo tu wa Antoni, Mama Winnie. Nitalipa kwa samaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Nimemwambia airudishe. Hataki. Wavuvi wenzake watasema ni mume wa kuamuliwa na mke.

Alhamisi, 9 Februari 1995

Kijiji kizima kimeiona injini. Suzana kanipita njiani kama anayepita mti.

Jumamosi, 11 Februari 1995

Mkutano umejaa mpaka nje ya uwanja wa shule. Kabla mtu hajaninyooshea kidole nimesimama nikasema mwenyewe: injini iliyo kwenye mtumbwi wa mume wangu imetoka kwa Antoni, mimi sikujua, na sasa ninyi mnajua.

Maige aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaondoka. Hakukimbia. Afadhali angekimbia.

Mashimba, mtendaji wetu, akataka nikae pembeni, Mzee Shigela aendeshe. Nikakubali, kwa jambo hili tu. Suzana akainuka: "Aliyesema ukweli ndiye anayetolewa kitini?" Hapo fujo! Kelele, vumbi, Mzee Shigela anagonga meza hakuna anayemsikia. Kura haikupigwa. Tumeahirisha mpaka Jumamosi ijayo.

Maige kalala kwa kaka yake.

Jumapili, 12 Februari 1995

Kanisani nimeimba bila kusikia maneno. Maige kaja kuchukua shati. Nimempa, kaondoka. Kwa nini sikumzuia?

Jumatatu, 13 Februari 1995

Lori la nguzo za uzio limeteremka mwaloni asubuhi hii. Bila kura! Bila uamuzi wa kijiji! Akina mama wamekaa mchangani katikati ya dagaa wao, hawaondoki. Nimeshuka nikamwambia Antoni hakuna shimo litakalochimbwa mpaka mkutano uamue. Kajibu kwa sauti, wote wasikie: "Mwenyekiti, kwanza malizana na mume wako." Wabeba nguzo wakacheka. Wavuvi wengine nao wakacheka.

Nimepanda nyumbani kuchukua mkeka. Nitakaa nao. Naandika nimesimama, mlango wazi, mwalo wote uko chini yangu.

Huyo ni Maige! Anateremka kutoka kwa kaka yake, injini begani, kainama kwa uzito. Mtumbwi wake uko kushoto, lori liko kulia. Yeye anakuja katikati, sijui anairudisha au anakwenda kuifunga. Suzana kamwona, na wenzake wamegeuka. Antoni katoka kivulini. Maige kasimama kupumua. Hainui kichwa kutazama huku juu.

Mkeka uko mkononi. Nashuka —